Picha Ndiyo Sampuli: Mpangilio, Mwanga na Uhariri katika Picha za Bidhaa Zetu



Hapa Moshi kahawa hainunuliwi kwa macho peke yake. Kabla ya mnada unaosimamiwa na Bodi ya Kahawa, wanunuzi hupewa sampuli. Huikaanga, huinusa, huionja kwa kijiko, ndipo wanapozungumza bei. Lakini wengi wenu humu ukumbini hamwuzi magunia mnadani. Mnauza pakiti ya robo kilo kwa WhatsApp, chane ya ndizi kwa mteja wa Dar es Salaam, kikapu kwa mtu aliyeko Ujerumani. Mteja huyo hanusi wala haonji. Anapata picha tu.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba picha ya bidhaa ndiyo sampuli, na masharti ya sampuli yanaihusu: ionyeshe mali ilivyo ikiwa katika hali yake nzuri, na isiizidi ile iliyomo guniani. Nitagusa mpangilio, mwanga na uhariri, ila nitakaa zaidi kwenye mwanga, maana huko ndiko picha nyingi za kwetu zinakoharibikia.

Moshi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hutupita utosini, na miezi mingine halitoki mbali sana na hapo. Mtu akisimama saa sita juu ya kichanja cha kuanikia, akaielekeza simu chini na kupiga, anapata picha bapa. Kila punje imekalia kivuli chake. Huwezi kujua kama ganda ni laini au limekunjamana, wala kama punje ni nene au nyembamba, kwa sababu jicho husoma uso wa kitu kwa kufuata vivuli vidogo vilivyomo ndani yake. Mwanga ukitoka upande uleule ilipo simu, vivuli hivyo vinajificha.

Zichukue punje hizohizo zikishakobolewa, uzimwage kwenye meza ndani ya nyumba karibu na mlango ulio wazi. Zima taa. Mwanga sasa unakuja kutoka ubavuni na kutambaa juu ya punje. Ufa wa katikati unaingia kiza, mgongo unapata mng'ao mdogo, na ile ngozi nyembamba inayobaki kwenye ufa inaonekana kama uzi. Mtu anayeijua kahawa akiona hivyo tayari ana la kusema. Upande wa pili, kivuli kikizidi, simamisha kipande cha karatasi nyeupe ya manila kirudishe mwanga kidogo. Kwa kinu cha mti au kibuyu cha siku nyingi ningefanya kinyume: ningeweka kitambaa cheusi mahali pa ile karatasi, ili makovu na mikwaruzo ya matumizi ikolee.

Juni hadi Agosti watu wa hapa hulalamikia baridi na mawingu. Kwa kazi hii ni msimu mzuri sana, wingu lote linakuwa taa moja pana na vivuli vinalainika. Tahadhari ni moja tu: nje chini ya wingu mwanga hutoka kila upande, kwa hiyo sogea karibu na ukuta, ukuta uzuie upande mmoja.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la kwetu hasa, nalo ni rangi ya mwanga. Kihambani, chini ya migomba, mwanga umeshapita kwenye majani kabla ya kufika mezani. Macho hayaoni tofauti, yamezoea. Kamera inaiona. Kikombe cheupe kinakuwa na ukijani, na kahawa iliyooshwa ikaanikwa vizuri, bado ikiwa na ganda lake, inaonekana kama imeota ukungu. Sokoni Mbuyuni hali ni hiyohiyo chini ya maturubai ya bluu: nyanya zinapoteza wekundu wake. Toka barazani, au ukishindwa, piga picha moja ikiwa na karatasi nyeupe kando ya bidhaa, kisha wakati wa kuhariri rekebisha rangi mpaka karatasi iwe nyeupe kweli. Karatasi haibembelezi mtu.

Kahawa iliyokaangwa ina shida yake. Simu ikiona meza iliyojaa weusi hudhani kuna giza, hivyo hung'arisha kila kitu na punje zinatoka rangi ya majivu. Bonyeza kwa kidole juu ya punje kwenye kioo cha simu, ushikilie mpaka kipimo kijifunge, halafu teremsha mwanga hadi weusi urudi.

Wanaodhani haya yanahitaji vyombo vya gharama wamkumbuke Mmarekani Edward Weston. Mwaka 1930 alipiga picha ya pilipili hoho moja, ya aina mnayoiona kila siku sokoni, na ikawa miongoni mwa picha za vitu zinazojulikana zaidi duniani. Aliiweka ndani ya faneli ya bati. Bati likawa linarudisha mwanga kuzunguka mikunjo ya hoho, ikajitokeza mithili ya misuli ya mtu. Faneli ya kujazia mafuta ya taa haikosekani majumbani mwetu.

Kuhusu mpangilio sitasema mengi. Punguza vitu. Pakiti, kiganja cha punje na kikombe vinatosha. Kila kitu kingine kinachoingia kiwe na kazi, na kazi nzuri kuliko zote ni kumwonyesha mteja ukubwa. Punje ya daraja la AA haipiti kwenye tundu la takriban milimita 7. Ukiiweka kando ya punje ya PB, ambayo ni ya duara kwa sababu imekua peke yake ndani ya tunda, mteja ameelewa bila maelezo. Usiisogeze simu karibu mno pia, lenzi yake pana hunenepesha kilicho mbele na kikapu kinaonekana kimepinda. Rudi nyuma hatua moja, kisha vuta picha mara mbili.

Mlima Kilimanjaro je? Nina maoni makali hapa, mtanivumilia. Kilele cha Kibo kimewekwa kwenye pakiti, kanga, fulana na maji ya chupa kiasi kwamba hakimwambii tena mteja lolote kuhusu kahawa yako. Na mara nyingi, kufika katikati ya asubuhi, wingu limeshaufunika. Uacheni.

Jingine ni masale. Nimeona picha nzuri za kata ya mbege zikiwa zimepambwa kwa jani la sale kwa sababu ni la kijani na limenyooka. Mchaga akiliona jani hilo anawaza msamaha unaoombwa, mpaka wa kihamba, au kaburi. Atauliza nani amegombana na nani. Kama ni mbege unayoionyesha, iweke na jirani zake: ulezi ulioota, ndizi mbivu, kibuyu. Iwekee mwanga kwa nyuma kidogo ili povu lionekane kabla halijakaa.

Sasa uhariri. Programu haitengenezi uso wa kitu, inakuza ule ambao mwanga umeshauandika. Katika Snapseed, ambayo ni ya bure, kifaa cha Details kina vipimo viwili, Structure na Sharpening. Cha kwanza hukoleza tofauti ndogondogo za uso, cha pili hunoa kingo. Lightroom nayo ina Texture, iliyoongezwa mwaka 2019, ambayo ni ya taratibu zaidi. Anza na mwanga, fuata rangi, uso wa kitu uwe wa mwisho. Panda polepole hadi uone badiliko, kisha rudi nyuma kidogo. Dalili ya kuzidisha ni mstari mweupe kuzunguka kitu na chengachenga kwenye ukuta wa nyuma. Afadhali upake kwenye bidhaa peke yake, nyuma ubaki laini.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Ndizi ya kisukari iliyoiva ina madoa ya kahawia, na mlaji anayatafuta kwa kuwa ndiyo utamu wenyewe. Vitelezi vya kulainisha vinayafuta, ndizi inabaki kama plastiki. Ukikoleza mno, madoa yaleyale yanaonekana kama ugonjwa. Ndizi ya mshare, ya kupikia mtori, haina hadithi hiyo. Hapo mteja anataka kuona ganda limebana na lina kijani kizito.

Je, nini kifutwe? Vumbi kwenye kitambaa, unyuzi, alama ya kidole kwenye glasi, futa bila wasiwasi. Punje iliyovunjika, tundu la mdudu, jeraha kwenye ndizi, hivyo ni sehemu ya mali. Kama hutaki vionekane, viondoe kwenye mali kwa mkono kabla ya kupiga picha, na uviondoe pia kwenye mzigo utakaosafirishwa. Mchambuzi wa sampuli hafanyi zaidi ya hapo.

WhatsApp hubana picha, na kinachopotea kwanza ni uso wa kitu mliouhangaikia. Tumeni picha kama dokumenti kwa mteja anayetaka kukagua.

Baada ya chai tutahamia kwenye meza mbili zilizopangwa barazani, moja kwenye jua na nyingine karibu na mlango, zote zina kahawa ya gunia moja. Kila mmoja apige meza zote mbili bila kuhariri chochote, na afute lenzi kwanza.