Wakubwa wakikataliana, kazi inakwama



Mnawakumbuka askari wa ONU, waliotoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Je, mkubwa wao wa New York, Katibu Mkuu, huchaguliwaje? Baraza la Usalama hupendekeza jina, Baraza Kuu humteua. Lakini kati ya wanachama 15 wa Baraza la Usalama, watano wana veto: mmoja wao akikataa, jina limeanguka.

Mwaka 1981 Afrika ilimtoa Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, waziri wa mambo ya nje wa Tanzania. Kurt Waldheim wa Austria naye alitaka muhula wa tatu. Marekani ikamkataa Salim, China ikamkataa Waldheim. Wakapiga kura mara 16, bure.

Mwezi wa Desemba zamu ya kuongoza Baraza ilimfikia Olara Otunnu, balozi wa Uganda, kijana wa miaka 31. Hakuwa na veto. Aliwaomba wote wawili waweke majina yao kando, nao wakakubali. Kisha akaendesha kura ya majaribio, kwa siri, ijulikane mapema ni nani hatakataliwa. Tarehe 11 Desemba akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Je, ilikuwa haki? Mimi niliyesoma sheria nawaambia: si haki kamili. Mmoja aliwazuia wengi. Ila kazi iliendelea. Naye Salim hakuishia hapo: tangu 1989 hadi 2001 aliongoza OUA.

Sasa tuje kwetu. Kamati ya kambi ikikosa msimamizi kwa sababu watu wa kijiji hiki wanamkataa wa kijiji kile, orodha ya chakula inalala bila sahihi, na mtoto analala njaa. Basi ulizeni mapema, kwa upole: ni nani ambaye upande wa pili hautamvumilia, na kwa sababu gani? Anayejitoa kwa ajili ya amani msimcheke. Mpeni heshima na kazi nyingine.

Lakini veto msiiige. Mjane aliyefika jana ana kura moja. Mkubwa wa kijiji naye ana moja.