Kutafuta Vipuri vya Cherehani Kuukuu

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: SINDANO, BOBINI, KIPURI. Kipuri ni kipande kipya kinachotiwa mahali pa kipande kilichoharibika. Watu wengi mjini husema spea, wala si kosa.

Nitaanza na habari ya mama yangu mdogo. Yeye alikuwa na cherehani ya kukanyaga, Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwa cherehani hiyo alishona foronya, mashuka na sare za shule, na ada ya watoto wake wawili ilitoka humo. Siku moja cherehani ikaanza kuruka mishono. Kesho yake uzi ukawa unakatika kila baada ya shubiri moja. Akaipeleka kwa fundi mmoja sokoni. Fundi akazungusha gurudumu mara mbili tatu, akasema, "Mama, hii imekwisha. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Niuzie mimi kwa bei ya chuma chakavu." Bei aliyotaja haikufika hata ada ya muhula mmoja. Mama mdogo akaomba siku mbili za kufikiri, akanitumia salamu nije.

Nilipofika sikuigusa cherehani kwanza. Nilimwomba anionyeshe pakiti ya sindano. Akaifungua kutoka pindo la khanga yake. Juu yake palikuwa na herufi DBx1. Nikamwuliza, "Mama, hizi ulinunua lini?" Akajibu, "Wiki iliyopita, mwanangu. Niliomba sindano za cherehani, nikapewa hizo." Basi, ugonjwa wote ulikuwa pale.

Sikilizeni vizuri, na mwalimu aandike ubaoni. DBx1 ni sindano ya cherehani kubwa za viwandani. Shina lake ni la mviringo, tena jembamba. Cherehani za nyumbani kama ile ya mama mdogo hutaka sindano ambayo shina lake lina upande mmoja bapa. Pakiti yake huandikwa HAx1, au 15x1, au 130/705H. Majina ni matatu, lakini kwa cherehani hizo sindano ni moja. Asiyesoma humtegemea mwenye duka, na mwenye duka naye huenda ana haraka.

Chini ya jina hilo kuna namba za unene, mathalani 90/14. Ile 90 maana yake sindano ina unene wa milimita 0.9. Kwa kitambaa chepesi chukueni 75/11. Kwa khanga na nguo za kawaida 90/14. Kwa kaki nzito au turubali 110/18. Tukatia HAx1 ya 90/14. Upande wa bapa ulielekea kule kiliko kikombe cha bobini, na mfereji mrefu wa sindano ulielekea kule uzi unakoingilia. Mama mdogo akakanyaga. Mshono ukatoka kama mchwa waliopanga safari.

Si kila cherehani hupona kwa sindano, lakini anzeni hapo, maana ndiyo kipuri cha bei ndogo kuliko vyote. Kisha toeni bobini na kikombe chake, mwangalie kama kuna nyuzi zilizonaswa nyuma. Ukizungusha gurudumu nalo likazunguka peke yake bila sindano kupanda na kushuka, usikimbilie kwa fundi. Katikati ya gurudumu pana kirungu kikubwa cha mviringo, ambacho hulegezwa wakati wa kujaza bobini. Kikaze. Watu wamelipa fedha nyingi kwa kukaziwa kirungu hicho.

Kama cherehani imekwama kwa sababu ya kukaa miaka, tieni mafuta ya cherehani katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapokutana na chuma, mwiache mpaka kesho, kisha mzungushe polepole. Msitie mafuta ya kupikia hata kidogo. Hayo hukauka yakawa kama gundi, na ndiyo mengi yaliyozikwama cherehani za mabibi zetu.

Sasa tuseme kweli kuna kipande kilichovunjika. Kitapatikana wapi? Hapa yapasa kujua cherehani yako ni ya jamaa gani. Singer nyingi kuukuu zilizofika Afrika ya Mashariki zilitengenezwa Uskoti, katika kiwanda cha Kilbowie, mji wa Clydebank. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885, kikafungwa mwaka 1980. Ndiyo sababu mifano yake mingi ina herufi K, mathalani 15K au 28K. Fundi akisema kiwanda kimefungwa, hapo hasemi uwongo. Ila yeye aliruka sehemu ya pili ya habari.

Sehemu ya pili ni hii. Muundo wa Singer 15 uliigwa na viwanda vingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani vilitengeneza cherehani nyingi sana kwa muundo huo, na viwanda vya China vikafanya vivyo hivyo. Butterfly ya Shanghai ni ya ukoo huo. Kwa hiyo bobini, kikombe chake, springi ya uzi na kiguu kinachokandamiza kitambaa, vyote vilivyofanywa kwa ajili ya Butterfly, mara nyingi huingia katika Singer 15 ya babu yako. Usiulize, "Mna spea za Singer ya zamani?" Utajibiwa hakuna. Uliza, "Mna bobini ya namba 15?"

Lakini angalieni. Bobini ya 15 ina pande mbili zilizo bapa kabisa. Bobini ya Singer 66 inalingana nayo kwa upana, ila pande zake zimebinuka kidogo kama kifuniko cha sufuria. Ukizichanganya, uzi utakuwa mara unalegea, mara unakaza. Na cherehani ya 28 haina bobini ya duara hata kidogo. Yake ni ndefu kama kijiti, nayo hukaa ndani ya chombo chenye umbo la risasi. Chukueni kipande cha zamani mkononi mwende nacho dukani. Mkituma picha kwa simu, laza rula kando ya kipande, kwa sababu picha haisemi ukubwa.

Mkanda wa ngozi hauna shida. Hukatwa kwa urefu unaotakiwa, tena ukilegea hupunguzwa kidogo na kuungwa upya kwa kipini chake cha waya. Skrubu ndizo zenye ukaidi. Singer ilikuwa na mizunguko yake yenyewe, isiyolingana na skrubu za kawaida. Ukilazimisha skrubu ya duka la vyuma, utaharibu tundu, na tundu halina kipuri. Skrubu zitafuteni katika cherehani nyingine iliyokufa ya jamaa hiyo hiyo. Fundi mzuri huweka cherehani mbili tatu za namna hiyo chini ya meza yake. Yule fundi wa sokoni bila shaka aliitaka ya mama mdogo kwa kazi hiyo.

Sasa ni zamu yenu. Mwalimu atawasomea kikaratasi hiki cha kupeleka dukani, nanyi mtakinakili:

"Bwana, salamu. Cherehani yangu ni Singer 15K. Nataka bobini 2 za namba 15, na sindano HAx1, 90/14, pakiti 1. Usinipe DBx1. Nimeleta bobini ya zamani uipime. Ahsante."

Kazi ya nyumbani: nenda kwenye cherehani ya nyumbani kwako au ya jirani, umwombe ruhusa, ufute vumbi upande wa kulia chini ya nguzo, karibu na gurudumu. Hapo katika Singer kuna namba iliyochongwa, na zilizotengenezwa tangu mwanzo wa karne ya 20 huwa na herufi mbele yake. Hiyo ni namba ya cherehani yako peke yake, si mfano. Lakini kwa namba hiyo mjuzi huweza kukuambia mwaka wake na jamaa yake. Inakili kama ilivyo, uilete darasani.

Juma lijalo tutasema habari ya jiko la mafuta la kupiga pampu na ngozi yake. Kwaherini.