MWILI HAUSAHAU

(Hotuba ya mwanachama wetu, mtaalamu wa maabara, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Rika langu wananikumbuka kama mvunjaji wa vichupa katika maabara ya kemia. Siku hizi sivivunji, maana ndani yake mna uhai wa mtu.

Sote tulifundishwa makundi ya damu: A, B, AB na O. Aliyefungua mlango huo ni Karl Landsteiner, mjini Vienna, mwaka 1901. Mtu wa kundi O ana kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya A na B tangu utotoni. Akitiwa damu ya A, askari hao huzivunja chembe nyekundu papo hapo, naye aweza kufa.

Lakini chembe nyekundu zina alama nyingine nyingi, zaidi ya 300. Askari wa kupigana na alama hizo kwa kawaida huzuka baada ya mtu kuongezewa damu, au mama kubeba mimba ya mtoto mwenye alama asizokuwa nazo yeye. Baadhi yao huzing'ang'ania chembe bila kuzigandamanisha, jicho lisione kitu. Mwaka 1945, huko Uingereza, Coombs, Mourant na Race walitangaza njia ya kuwafichua, nasi twaitumia hadi leo.

Sasa nitawapa kisa kimoja. Nilipokuwa mgeni kazini, usiku mmoja aliletwa mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua mtoto wa tano. Nikapima, sikuona kingamwili ya hatari, nikatoa mifuko miwili. Asubuhi mama alikuwa akizungumza na kucheka. Siku ya saba macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na wingi wa damu ukashuka karibu na pale ulipoanzia. Nilipopima tena, kingamwili zilikuwa tele.

Ndipo mumewe akakumbuka: miaka mitatu nyuma mkewe aliongezewa damu hospitali nyingine, wakaambiwa kwamba damu yake ni ya shida kupatikana. Hawakupewa hata kikaratasi. Nasi hatukuuliza. Wale askari walikuwa wamepungua hata kipimo kisiwaone, lakini mwili haukusahau. Walipowaona tena adui zao, waliongezeka kwa siku chache tu. Mama alipona, ila kwa taabu kubwa, na mimi sikupata usingizi wiki nzima.

Kwa hiyo nawaachieni mambo matatu. Kwanza, ukiongezewa damu, au mtu wako akiongezewa, uliza kama kuna kingamwili iliyoonekana, uandikiwe jina lake, na karatasi hiyo uitunze kama cheti cha shule. Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao huongezewa mara nyingi, wasitembee bila karatasi hiyo. Pili, mweleze daktari habari za damu na mimba zilizopita, hata asipouliza. Tatu, taja jina lako kamili mwenyewe, wakati wa kutolewa damu na kabla ya kutundikiwa mfuko. Mgonjwa akiulizwa, "Wewe ni Asha?" aweza kuitikia tu kwa homa. Aulizwe, "Jina lako nani?" Damu iliyopimwa vizuri kabisa huua ikitundikwa kitanda kisicho chake.

Vijana, najua mnachoshwa na kuitwa majina kila jioni. Nasi tulinung'unika vivyo hivyo. Leo kazi yangu karibu yote ni hiyo: jina, namba, na kuhakikisha kwamba aliyeitika ndiye mwenyewe. Kati yenu watatoka wauguzi, madaktari na watu wa maabara. Msione haya kuuliza jina mara ya pili.