Neno la Katibu: Wimbo na Afya ya Akili

Wapendwa, Sauli aliposumbuka, Daudi alimpigia kinubi naye akatulia (1 Samweli 16:23).

Nami nilipofiwa na mama, usingizi ulinipotea kwa miezi. Nilikuja mazoezini bila kuimba, nikikaa tu na wenzangu wa alto. Jioni moja pumzi yangu ikafuata yao. Nikaimba, nikalia, na usiku huo nikalala. Muimbaji huvuta pumzi kwa kina na kuitoa polepole, na mwili hutulia. Mshauri nasaha pia nilimwona, wala sioni aibu kusema.

Rejista ya kwaya naiandika mimi. Mwenzetu akinyamaza mazoezini, tusiharakishe kumfuta jina. Tumwekee kiti.

Heri ya Jubilii!