Kishoka cha Zamani Hakitupwi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na vijana, Moshi)

Jambo tulilowaletea leo ni dogo machoni, maana ni kishoka tu. Lakini nyumba nyingi za mlimani, tangu Siha hata Rombo, zina kishoka kilichotupwa nyuma ya banda la ng'ombe, kinaliwa na kutu. Twataka kuwaonyesha kwamba chaweza kurudishiwa uzima wake kwa saa chache za mapumziko.

Chetu tulikirithi kwa baba. Siku moja tulipokuwa tukichanja kuni, chuma kilichomoka mpinini kikapita karibu na kichwa cha mtoto aliyekuwa akiokota vipande. Mtoto hakuumia, lakini sisi tuliketi chini, mikono ikitetemeka. Kosa lilikuwa letu. Kila kishoka kilipolegea tulikilaza majini usiku kucha, tukidhani tumekikaza. Kumbe mti ukilowa huvimba na kujibana tunduni, na ukikauka hunywea, ukalegea kuliko mwanzo.

Ndugu walitushauri tununue kipya. Hatukupenda kutupa kitu kilichojenga nyumba yetu, tukaanza kukitengeneza wenyewe. Na hapo tukafanya kosa la pili. Kipande cha mpini kilikuwa kimebaki tunduni, nasi tukakitia chuma chote motoni ili mti uungue. Mti uliungua kweli, lakini pigo la kwanza juu ya fundo la mti mkavu, makali yalipinda kama risasi. Moto ulikuwa umeondoa ugumu wa chuma. Basi tukakifunga katika gunia, tukaenda Mamba.

Mamba, karibu na Marangu, ni nchi ya wahunzi tangu zamani. Chuma chao kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare wa kaskazini, ambako ukoo wa Washana ulijulikana sana kwa uhunzi. Wachaga walikinunua chuma hicho, wakafua mikuki, majembe na mashoka. Mhunzi aliheshimiwa tena aliogopwa, maana laana ya nyundo yake haikuwa jambo la mchezo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Uchagani miaka mingi, aliandika makala juu ya mhunzi huyo mwaka 1912. Hata leo wapo wanaofua huko kwa mivukuto ya ngozi, na chuma chao ni mabaki ya magari.

Mzee tuliyemkuta alitufundisha kwanza tofauti ya mashoka mawili. Katika shoka la kienyeji, chuma huingia ndani ya mti, na kila pigo hukikaza zaidi. Katika shoka la dukani kama letu, mti huingia ndani ya chuma, na kinachoushika ni kabari. Asiyejua tofauti hiyo hukaza mahali pasipopasa.

Kisha akayatia makali motoni mpaka yakawa mekundu, akayazamisha. Sasa yalikuwa magumu mno, hata tupa iliteleza juu yake. Lakini chuma kigumu hivyo huvunjika kama kioo. Kwa hiyo aliyasugua mpaka yakang'aa, akaweka kisogo cha kishoka karibu na makaa, akatazama rangi zikitembea: kwanza rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, mwisho buluu. Ilipofika hudhurungi inayoelekea zambarau, akakizamisha mara ya pili. Wenye vipimo husema hapo ni kama digrii 250 hadi 280. Mzee hakuwa na kipimo ila jicho lake.

Kazi iliyobaki tuliifanya nyumbani, nanyi mwaweza kuifanya. Kutu tuliiondoa kwa kukilaza chuma katika siki mchana na usiku, tukakisugua kwa brashi, tukakiosha kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe, tukakikausha mara moja na kukipaka mafuta. Makali tuliyanoa kwa tupa, kisha kwa kinoo, pande zote mbili zikutane kwa pembe ya digrii 25 hadi 30. Atumiaye mashine ya kunolea na akichovye majini mara kwa mara. Akiona buluu makalini, ajue ameuharibu ugumu kama sisi tulivyouharibu.

Ama mpini, tulichagua mti wa mpera kutoka kihambani. Tuliukausha kivulini miezi kadhaa, tukahakikisha nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka kichwani hata mwisho, maana nyuzi zikikatiza mpini huvunjika. Msiende kuutafuta mti msituni. Msitu wa mlima wetu uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kukata humo ni kosa. Kichwa cha mpini tulikipasua kwa msumeno, tukakipigilia kabari ya mti mgumu uliokauka.

Mwisho ni pambo. Hapa kila mtu hukifanya kishoka kuwa chake. Sisi tuliuchonga mpini, urefu wa sentimita 38, mpaka ukakaa vema mkononi, tukauchoma alama ndogo kwa msumari wa moto. Hatukuchora mikato mirefu, kwa kuwa palipokatwa ndipo huvunjika. Alama za nyundo zilizokuwa juu ya chuma tuliziacha, maana ni mapigo ya baba. Tuliupaka mpini mafuta ya kitani, na vitambaa vya mafuta hayo tulivitandaza nje vikauke, kwa sababu vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe. Kisha tukashona ala ya ngozi, ili makali yasimguse mtu.

Sasa kishoka kinafanya kazi. Kabla ya kuchanja kuni twakitikisa na kuitazama kabari, na watoto hukaa mbali. Kuni huokotwa baada ya kishoka kuwekwa chini. Mtoto yule aliyeponea chupuchupu ndiye sasa anayetukumbusha, na siku moja kishoka kitakuwa chake.

Wazee wetu walisema, shoka lisilo mpini halichanji kuni. Nasi twaongeza: lenye mpini uliolegea laweza kuchanja kisichopaswa. Basi mrudipo nyumbani, tazameni nyuma ya banda. Hayo ndiyo machache tuliyokuwa nayo.