Ua Lifanyalo Kazi Chini ya Ardhi



Mwenye bustani humwagilia nyanya zake asubuhi na jioni, na bado adhuhuri huzikuta zimenyauka kama zilizokosa maji. Huongeza maji, nazo hazistawi. Siku aung'oapo mche mmoja huona mizizi imejaa vifundo kama shanga. Hapo jua halina kosa, wala mbegu. Wenye kosa ni minyoo midogo mno, isiyoonekana kwa macho, ikaayo udongoni na kuingia katika mizizi.

Iko njia moja ya kuipunguza isiyohitaji dawa ya dukani, nayo ni marigoldi, yale maua ya manjano na ya rangi ya machungwa yapandwayo mbele ya nyumba nyingi. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Mizizi yake ina sumu iidhuruyo minyoo hiyo. Lakini hapa ndipo wengi wakoseapo: hupanda mashina matatu au manne pembeni mwa tuta la nyanya, wakangoja ajabu, na ajabu haiji. Sumu hiyo haiendi mbali na mzizi. Tuta lenye minyoo halina budi kufunikwa lote na marigoldi peke yake kwa miezi miwili au zaidi, na magugu yang'olewe, maana minyoo hupata chakula katika magugu pia. Muda ukitimia, mimea hukatwakatwa na kufukiwa papo hapo, ndipo nyanya zipandwe.

Miezi miwili bila mboga si jambo dogo kwa mama mwenye watoto na kipande kimoja cha ardhi. Kwa hiyo yafaa bustani igawanywe: fungu moja liwe la maua, mengine yaendelee kulisha nyumba, na msimu ufuatao zamu ibadilike. Wala asitazamie kuwa minyoo itakwisha kabisa. Hupungua tu, na si kila aina ya marigoldi huishinda kila aina ya minyoo. Ile fupi yenye maua madogo ndiyo itumiwayo sana kwa kazi hii.

Kuipanda si kazi ngumu. Mbegu ni nyembamba na nyeusi, zenye mkia mweupe. Hutiwa katika kitalu penye jua na kufunikwa kwa udongo kidogo, nazo huchipua kwa muda wa juma moja hivi. Miche ihamishwe ikiwa na majani kadhaa, kwa nafasi ya sentimeta 20. Samadi ikizidi, huja majani mengi na maua haba. Wakati wa kiangazi sharti upande wa chini wa majani utazamwe, kwa kuwa utitiri mwekundu huipenda marigoldi, na huweza kuhamia nyanya.

Ile jamaa yake ya porini, ndefu, yenye harufu kali, ambayo Wakikuyu huiita mubangi, ni gugu baya. Ing'olewe kabla haijazaa mbegu.

Maua yenyewe hayapotei bure. Petali zilizokaushwa na kuchanganywa na chakula cha kuku huongeza umanjano wa kiini cha yai. Na ile aina ndefu yenye vichwa vikubwa hununuliwa na Wahindu wa Mombasa na Nairobi kwa kutungia mashada wakati wa Diwali, sikukuu iangukayo mwezi wa Oktoba au Novemba. Atakaye kuwauzia atie mbegu kitaluni mwezi wa Julai.