Susi alipobaki bila Chuma



Msiba una taratibu zake. Mjane hukaa eda, watoto hupewa mkono wa pole, wazee wa ukoo huketi mkekani wakazungumza mirathi, na watani huingia na mizaha yao ili huzuni isiwazidi nguvu wafiwa. Kila mtu ana mahali pake. Lakini yupo mtu mmoja ambaye taratibu hizo aghalabu humsahau, naye ni yule aliyefanya kazi na marehemu: mbia wake wa duka, mwenzake wa mashua, mshirika wake wa safari. Yeye hana eda wala mirathi. Huketi nyuma pamoja na majirani, na matanga yakisha huenda kuifungua peke yake kazi iliyokuwa ya watu wawili.

Yafaa basi, katika mji huu uliolelewa na misafara, kuwakumbuka washirika wawili ambao njia yao ilipita hapa hapa Unyanyembe, na ambao kwa muda mrefu wametajwa kwa pumzi moja bila kuulizwa mmoja alikuwa nani kwa mwenzake. Watu hao ni Abdullah Susi na James Chuma.

Jina lao limefungwa katika jina la Daktari Livingstone, na vitabu vya Waingereza viliwapa sifa moja tu: watumishi waaminifu. Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni finyu mno. Mtumishi hutazamwa kwa bwana wake, wala haulizwi habari za mwenzake. Hivyo mapenzi yao kwa Livingstone yameandikwa sana, na ushirika wao wenyewe ukabaki kama kivuli nyuma ya kitanda cha mgonjwa.

Asili zao zilikuwa mbalimbali. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, akifanya kazi ya ujira katika meli. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyefunguliwa kamba katika msafara wa watumwa mwaka 1861, kwenye milima ya Shire. Mwaka 1864 chombo kidogo cha Livingstone kilivuka bahari mpaka Bombay, na wote wawili walikuwamo. Huko Chuma alitiwa shuleni na Susi akafanya kazi bandarini. Mwaka 1866 wakarudi Afrika wakaingia bara pamoja, na tangu hapo kwa miaka minane hawakuachana.

Asidhani mtu kwamba walikuwa watu wa kuitikia tu. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, watu wake wengi walikataa kumfuata, na miongoni mwa waliokataa walikuwamo Susi na Chuma. Walikuwa wamechoka, wakasema hapana. Baadaye walirudi kazini, na mzee mwenyewe aliwapokea bila kinyongo, akikiri kwamba naye ana makosa yake. Jambo hili halipendwi na wasifu wa watumishi waaminifu. Hata hivyo ndilo linaloonyesha kwamba walipobaki, walibaki kwa hiari yao.

Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini hapa, hadi Agosti 25, 1872. Wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani walikuwa wamefika, akaondoka nao kuelekea kusini. Mei 1, 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi ndiye aliyeitwa kitandani usiku ule wa mwisho. Chuma ndiye aliyekwenda kusema na Chitambo, maana maiti ya mgeni katika nchi ya watu ni jambo la hatari, na mtu asiyejua kusema angeweza kuwaangamiza wote. Hapo mgawanyo wa kazi yao waonekana dhahiri.

Kazi iliyofuata yajulikana. Moyo ulizikwa chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi ukakaushwa juani, ukafungwa katika gome la mti na turubai. Kisha kundi lile likaubeba zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo, na njiani watu kadhaa wakafa.

Mwezi Oktoba mwaka ule walifika Unyanyembe. Hapa walimkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa njiani kwenda kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wamzike papa hapa na safari iishe. Mtu mwenye elimu na cheo aliwapa ruhusa ya kupumzika. Wakakataa. Walipofika Kasekera njia ilitaka kuwafungia, kwa kuwa watu wa huko hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Wasafiri wakatumia akili ya biashara. Walifunga mzigo wa uongo, wakatuma watu waurudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na watu hao wakautawanya porini usiku. Maiti yenyewe wakaifunga upya kama mtumba wa nguo. Mtumba wa nguo ulikuwa kitu cha kila siku katika njia hii, na nani angeutilia shaka? Hila kama hiyo haiwezekani mahali ambapo mmoja anamshuku mwenzake.

Pwani walilipwa ujira wao wakaachwa. Livingstone alipozikwa London, Aprili 18, 1874, wao hawakuwapo. Waliitwa Uingereza baadaye, wakaketi na Kasisi Horace Waller, wakamweleza siku za mwisho za safari. Habari hizo alizitia katika kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone kilichotoka mwaka huo huo. Jina la mtunzi lililo juu ya jalada si la Susi wala la Chuma.

Kisha kazi ikawatenganisha. Katika biashara ya misafara mtaji ulikuwa wa namna mbili. Fedha ya kununulia nguo na shanga ilikuwa ya tajiri, lakini jina la mnyapara lilikuwa la mnyapara mwenyewe, na wapagazi waliandikisha majina yao kwa kutazama nani atakayewaongoza. Jina hilo wawili hawa walilichuma pamoja, na sasa kila mmoja alilitumia upande wake. Chuma aliongoza misafara ya wamisionari wa Universities' Mission kwenda Nyasa. Mwaka 1879 akawa mkuu wa msafara wa Keith Johnston. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Kijana huyo alifika Nyasa na Tanganyika, akarudi pwani mwaka 1880 kwa njia ya Unyanyembe, na msafara wake ulikuwa karibu kamili. Alikuwa na Chuma, mtu wa lugha nyingi, ambaye alikwisha kuvuka nchi ya wageni akiwa na mzigo mgumu kuliko ule.

Hivyo mwaka 1880 Chuma alipita tena katika nchi hii. Mahali ambapo miaka saba nyuma walisimama wawili mbele ya Cameron, sasa alisimama mmoja. Susi alikuwa mbali upande wa magharibi, katika mto Kongo, akifanya kazi na Stanley tangu mwaka 1879 hadi mwaka 1882.

Mwaka 1882 Chuma alifariki Unguja, mikononi mwa wamisionari, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa hajafika makamo. Kwa Livingstone taifa zima lilivaa nguo nyeusi. Kwa Chuma hapakuwa na treni ya maiti wala kaburi la wafalme, na Susi hakuandika kitabu cha kumsifu mwenzake.

Susi alirudi katika kazi ile ile. Kuanzia mwaka 1883 aliongoza misafara ya misioni ambayo Chuma aliitumikia kabla yake, akajibu mwenyewe maswali ya wapagazi, akapatana mwenyewe na wenye nchi juu ya hongo, jambo lililokuwa fani ya mwenzake mbele ya Chitambo. Mwaka 1886 alibatizwa, akachukua jina la Daudi. Alifariki Unguja Mei 5, 1891, miaka tisa baada ya Chuma.